Picha za watu mitaani usiku: anza na taa, mtu atakuja

Anayeanza kupiga picha za usiku hufuata watu. Anamwona mzee mwenye kofia na bakora, anamfuata hadi uchochoroni pasipo na taa, anapandisha ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) mpaka mwisho, halafu anarudi nyumbani na picha iliyojaa chenga, yaani vidoadoa, ambayo huwezi kusema kama yule ni mzee au nguzo ya umeme. Aliyezoea kazi hii hufuata taa. Anachagua taa moja, anajipanga, anaseti kamera, kisha anasubiri. Mtaa wenye watu utamletea mtu ndani ya dakika 10.

Mifano hapa ni ya Dar es Salaam na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vipimo vyenyewe vinafaa Mombasa, Kampala au Bujumbura vilevile, kwa kuwa balbu ya kibanda ni ileile na umeme wa ukanda wote huu ni wa hezi 50, jambo ambalo litakuwa na maana huko mbele.

Saa ya kutoka

Kwetu giza haliji polepole. Dar jua huzama karibu saa 12:15 jioni mwezi Juni na karibu saa 12:50 mwezi Januari, na likishazama halina mazungumzo. Adhana ya magharibi ndiyo saa yako. Dakika 15 za mwanzo baada yake anga bado ina nguvu kuliko taa, na picha itafanana na mchana uliochoka. Kuanzia dakika ya 15 hadi ya 30 hivi, anga na taa za vibanda hulingana: juu panakuwa buluu nzito, chini njano, na maumbo ya mapaa, nyaya na minara bado yanasomeka. Hapo ndipo mtu anayeanza apige picha zake nyingi, kwa sababu hata kamera ya kawaida inaweza. Dakika ya 40 ikipita anga imekuwa nyeusi tupu, na kuanzia hapo kila kitu kisichoguswa na taa hakipo.

Muda huo hautoshi kutafuta mahali. Kwa hiyo fika kabla ya adhana, zunguka mtaa ukiwa hujatoa kamera, na uchague sehemu tatu tu. Ukichagua kumi utazikimbilia zote na hutapata hata moja.

Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, ina faida ya ziada. Vijana wa makachu huruka baharini kutoka ukutani mpaka jua linapozama, na ukipiga kuelekea upande wa machweo unapata miili myeusi hewani. Dakika chache baada ya jua kuzama, jaribu tundu la lenzi f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kasi ya shata 1/500 ya sekunde na ISO 400. Baada ya hapo geuka: meza za wauza vyakula zimeshawashwa.

Vifaa

Kamera yoyote yenye lenzi ya kubadilishwa inatosha. Pesa iende kwenye lenzi. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwi kubwa kuliko f/5.6. Lenzi ya 50 mm ya f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Hiyo ni tofauti ya ISO 25600 na ISO 2600. Kama 18-55 ndiyo uliyo nayo, usiivute: baki kwenye 18, ambako tundu hufunguka hadi f/3.5, na sogea karibu kwa miguu.

Kati ya 35 mm na 50 mm kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame; sensa ni kipande kinachopokea mwanga), 35 ni bora kwa mitaa yetu. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba mno kwa 50, na picha ya usiku isiyoonyesha mazingira ni picha ya pasipoti iliyokosa mwanga. Kwenye kamera yenye sensa ndogo tumia 23 au 24 mm ili upate uwanja uleule.

Ondoa ile filta ya kioo ya bei rahisi iliyopo mbele ya lenzi “kwa ajili ya ulinzi”. Usiku hiyo ndiyo inayozaa vile vidoa vya kijani vinavyoelea upande wa pili wa kila taa. Weka kofia ya lenzi ya kukinga mwanga wa pembeni (hood). Chukua betri ya ziada, kitambaa laini, na mfuko wa plastiki. Miguu mitatu ya kamera iache nyumbani: itatuliza kamera, lakini mtu anayetembea haitamtuliza, na itakukusanyia watazamaji na walinzi.

Kuna jambo moja la hali ya hewa ya pwani linaloharibu jioni za watu wengi. Ukitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi na kutoa kamera papo hapo, kioo hujaa mvuke. Ukifuta unarudi, kwa sababu kioo chenyewe bado ni cha baridi. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje taratibu, ndipo uitoe.

Kuseti kamera

Tumia modi ya mkono, ile ya M. Sababu ni hii: chini ya taa moja mwanga haubadiliki, ila watu wanabadilika. Akipita mtu wa kanzu nyeupe, kamera inayojipimia itatia giza picha nzima. Akipita mwenye buibui jeusi, itaangaza mpaka bango la duka liungue, yaani liwe jeupe tupu. Wewe ukishapima taa mara moja, wote wawili watatoka kama walivyo.

Kupima ni rahisi. Ingia mwenyewe chini ya taa, nyosha mkono, piga picha ya mgongo wa kiganja chako, angalia kwenye kioo cha kamera. Anzia hapa, kwa lenzi iliyo kwenye f/2:

- Mbele ya duka lenye taa nyingi au kituo cha mafuta: 1/250, ISO 800
- Kibanda chenye balbu moja, mtu akiwa ndani ya mita 1 kutoka kwenye balbu: 1/125, ISO 1600
- Chini kabisa ya taa ya barabarani: 1/125, ISO 3200
- Uchochoro wenye taa ya mbali: 1/60, ISO 6400
- Kibatari au mshumaa, uso ukiwa karibu nao: 1/60, ISO 6400, na tundu f/1.8 kama unalo

Mwenye f/3.5 azidishe ISO mara 3.

Kasi ya shata inategemea mtu anafanya nini. Aliyekaa anaongea, 1/60 inatosha ukisubiri pale anapotulia kusikiliza jibu. Anayetembea taratibu kukatiza mbele yako anahitaji 1/125 hadi 1/160, na mwenye haraka 1/250. Anayekuja moja kwa moja kuelekea kwako anavumilia kasi ndogo zaidi, kwa kuwa hasogei sana ndani ya fremu. Kile kifaa cha kamera cha kuzuia mtikisiko kinasaidia mikono yako tu. Miguu ya mpita njia hakihusiani nayo.

Sasa zile hezi 50. Taa nyingi za LED na mirija ya vibandani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, shata inaona. Ukipiga kwa 1/500, picha moja inatoka angavu, inayofuata imefifia, au unapata michirizi ya giza iliyolala kukatiza picha. Dawa ni 1/100 au 1/50, kasi zinazokamilisha mizunguko kamili ya taa. 1/125 kwa kawaida hupita bila shida. Zima pia ile shata ya kimyakimya ya kielektroniki, maana ndiyo inayochora michirizi vibaya zaidi. Mabango ya LED yenye maandishi yanayokimbia yana mapigo yake mengine kabisa. Hayo jaribu kasi mbili tatu uone.

ISO 6400 isikutishe. Chenga kwenye picha iliyopimwa sawasawa huonekana kama punje za mchanga na haziudhi. Chenga mbaya, zile za rangi ya zambarau na kijani, hutokea ukipiga kwa ISO 800 picha yenye giza halafu ukaja kuivuta juu kwenye kompyuta. Piga kwenye faili ghafi, yaani RAW, kwa sababu rangi za usiku lazima utazigusa baadaye.

Fokasi gizani

Fokasi ya kujiendesha inahitaji mpaka kati ya mwanga na giza. Ukiielekeza katikati ya shati jeusi itatafuta mpaka mtu afike nyumbani. Chagua nukta moja ya fokasi, iweke kwenye ukingo: pale mwanga unapokatika shavuni, kwenye ukosi, kwenye ukingo wa kofia. Na kabla ya kitu kingine chochote, zima ile taa ndogo nyekundu au ya chungwa ambayo kamera huiwasha kusaidia fokasi. Hakuna kitu kinachomshtua mtu kama nukta ya mwanga usoni usiku.

Njia ya pili, na kwa kazi ya taa moja ni bora, ni kufunga fokasi mapema. Weka fokasi ya mkono kwenye mita 3, lenzi ya 35 mm kwenye f/2.8. Kwa sensa kubwa, kila kitu kuanzia mita 2.5 hadi karibu 3.8 kitakuwa kikali vya kutosha. Ukifungua hadi f/2, uwanja huo unapungua hadi 2.6 na 3.5. Mita 3 ni kama hatua 4 za mtu mzima. Zihesabu mchana ukutani kwako mpaka jicho lizijue, kisha bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye pete ya lenzi isizunguke ndani ya begi. Mtaani chagua alama: ufa wa lami, kizibo cha mtaro, kivuli cha nguzo. Mtu akikanyaga alama, bonyeza.

Kibanda cha chipsi, hatua kwa hatua

Tuchukue kitu ambacho kila mtaa unacho. Kibanda cha chipsi kina kabati la kioo, na ndani ya kabati kuna balbu moja. Balbu hiyo imewekwa ili chipsi zionekane, lakini bila kukusudia imemwekea mpiga picha taa ya studio: mwanga laini unaotoka chini ya kidevu na ubavuni, ukipita kwenye kioo chenye mafuta kinachoulainisha zaidi. Nyuma kuna karai na jiko la mkaa, kwa hiyo moshi na mvuke upo bure.

Usisimame upande wa wateja. Ukisimama hapo unapata migongo. Usisimame pia nyuma ya muuzaji, ni eneo lake la kazi na mafuta yanachemka. Simama pembeni, kabati likiwa kwenye theluthi moja ya fremu na wateja wakiingia kwenye theluthi mbili zilizobaki, mita 2.5 hadi 3 kutoka wanaposimama. Msalimie muuzaji kwanza na umwambie unachofanya. Nunua kitu, chipsi kavu ya kushika mkononi inaeleza uwepo wako kuliko maelezo yoyote.

Pima mwanga kwenye uso wa mteja, usipime kabati. Kabati lina mwanga mara nyingi zaidi ya uso, na ukilifuata, uso utazama. Lakini pia usiliachie liungue lote. Anza na f/2, 1/125, ISO 1600, uangalie histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Mlima wote utakuwa umelalia kushoto, na hiyo ni sawa kwa usiku. Unachotazama ni ukuta wa kulia: balbu yenyewe inaruhusiwa kuugonga, chipsi haziruhusiwi. Zikiungua, punguza ISO hadi 1000.

Halafu subiri tukio, na matukio ya kibanda cha chipsi yanajirudia, ndiyo raha yake. Mayai yakimwagwa kwenye kikaango mvuke hupanda sekunde 3 au 4. Mteja huinama kuchungulia kama kipimo ni halali. Muuzaji hugonga chujio ukingoni mwa karai. Mteja akiinama, uso wake unaingia kwenye mwanga na mabega yanabaki gizani. Hiyo ndiyo picha. Piga 3 mfululizo, siyo 30. Ukikosa, mteja wa pili atainama vilevile baada ya dakika 4.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni vitu viwili. Kwanza, simu ya mteja: akiiwasha uso unakuwa wa buluu upande mmoja, wakati mwingine inapendeza, mara nyingi inaua ule mwanga wa kabati. Ngoja aizime. Pili, taa za gari linalopita nyuma yako zinafuta vivuli vyote kwa sekunde moja. Usibonyeze hapo.

Ngozi nyeusi usiku inahitaji neno lake. Watu wengi huongeza mwanga ili uso “uonekane”, na wanapata uso wa kijivu usio na umbo kwenye mji ulioungua. Ngozi yetu hujionyesha kwa mng'ao: mstari wa mwanga kwenye shavu, paji la uso, bega. Kwa hiyo mwanga utoke ubavuni au nyuma kidogo, na uso wenyewe uuache chini ya wastani kwa hatua 1 hadi 1.5 (kila hatua moja ni mwanga nusu). Mng'ao ule utachora uso wote. Nguo nyeupe ni kinyume. Wapishi wa Forodhani na makoti yao meupe na kofia ndefu, wamesimama chini kabisa ya balbu, huungua kabla ya kitu kingine chochote. Pima koti, na meza iliyojaa pweza na mishkaki itabaki na rangi yake.

Rangi za taa

Taa za zamani za barabarani za sodiamu, zile za chungwa, zinaua rangi nyingine zote. Kanga nyekundu na kanga ya buluu chini yake zinakaribia kuwa kahawia moja, na hakuna programu itakayokurudishia rangi ambayo taa haikuitoa. Iache chungwa, au geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. LED nyeupe mpya ni kali na za baridi. Balbu ya njano, karabai na kibatari ni za joto, kibatari kuliko zote.

Weka kipimo cha rangi cha kamera (white balance) mahali pamoja, 3800 K, na usikiguse usiku mzima. LED zitaegemea buluu, balbu zitaegemea dhahabu, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba hisia ya usiku. Ukiiachia kamera ijichagulie, itajitahidi kusawazisha kila kitu na kila picha itatoka na rangi yake.

Daladala zina tatizo lake: zile taa za ndani za buluu tupu au nyekundu tupu. Rangi moja ikizidi, uso unakuwa bapa kama umepakwa wino, ingawa histogramu ya jumla inaonyesha hakuna kilichoungua. Fungua histogramu ya rangi tatu, na punguza mwanga kwa hatua nzima zaidi ya unavyodhani.

Mvua, moshi na umeme ukikatika

Ukungu hatuna sana pwani, lakini masika na vuli zinatupa kitu bora. Lami ikilowa kila taa inakuwa mbili. Ngoja mvua ikatike, usipige ikinyesha: dakika 10 za mwanzo watu wanatoka chini ya mabaraza wote kwa pamoja na madimbwi bado hayajachafuliwa na matairi. Shusha kamera mpaka karibu na maji, sentimita 5 hivi, lenzi ikiangalia upande wa taa. Fokasi iwekwe kwa mtu; ukiiweka kwenye maji, kivuli chake majini hakitakuwa kikali, kwa sababu umbali wa kivuli ni umbali wa mtu.

Kioo cha daladala kilichojaa mvuke ni zawadi nyingine. Sogea hadi mita 1, fokasi kwenye matone, tundu f/4, abiria awe umbo tu. Mtu asiyetambulika kwenye kioo hana sababu ya kulalamika, na picha mara nyingi ni nzito kuliko ile ya uso kamili.

Moshi wa mishkaki au mahindi ya kuchoma hauonekani ukiwa na taa mgongoni kwako. Unaonekana taa ikiwa nyuma ya moshi. Zunguka kibanda mpaka jiko likae katikati yako na balbu, na ufiche balbu yenyewe nyuma ya kichwa cha mchomaji. Ghafla anakuwa na mstari wa dhahabu kuzunguka nywele, na moshi unawaka.

Asiye na moshi anaweza kudanganya kidogo: pumulia lenzi “haa” mara moja, na kwa sekunde chache taa zitapata duara laini kabla mvuke haujaisha. Kipande cha soksi ya nailoni kilichofungwa kwa mpira mbele ya lenzi hufanya kazi hiyo usiku kucha. Kiwe cheusi, cheupe kinamwaga mwanga hadi kwenye giza na picha inachuja.

Umeme ukikatika usikimbilie nyumbani. Vibatari, kurunzi na taa za simu zinatoka, kila uso una taa yake ndogo kwa karibu, na nyuma hakuna kitu kinachokuvuruga. Sogea. Kwa mita 4 kibatari ni nukta tu; kwa mita 1.5 ni mwanga wa mchoraji.

Ukiwa na simu

Futa lenzi kwanza, kwa shati la pamba. Ile michirizi mirefu inayotoka kwenye kila taa ni mafuta ya vidole. Zima modi ya usiku: inaunganisha picha nyingi zilizopigwa ndani ya sekunde 1 hadi 3, na anayetembea anageuka mzuka mwenye miguu minne. Tumia modi ya Pro, ile ya kuseti mwenyewe, 1/60, ISO 800 hadi 1600, na kamera kuu ya 1x tu, kwa kuwa zile nyingine za pembeni zina sensa ndogo. Kama simu haina Pro, bonyeza na ushikilie juu ya sehemu yenye taa mpaka ijifunge, kisha vuta alama ya jua chini. Flashi usiiguse.

Watu, sheria na usalama

Kuna picha za kuomba kabla na kuna picha za kuomba baada. Umbo jeusi mbele ya duka, mgongo, miguu dimbwini, hizo piga tu. Uso unaotambulika, na hasa wa mtu aliyekaa mahali pake pa kazi au barazani kwake, omba. “Shikamoo mzee. Ninapiga picha za mtaa huu usiku, naomba nikupige moja ukiwa hapo hapo ulipo.” Kwa mama lishe: “Mama, pole na kazi,” kwanza, picha baadaye. Kwenye baraza za kahawa kama pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, salamu iende kwa wote, unywe kahawa, ukae. Kamera itoke kikombe cha pili.

Tatizo la kuomba ni kwamba mtu anakaza shingo na kutabasamu. Mpige hiyo ya kukaza, mwonyeshe, cheka naye. Kaa dakika 5 zaidi. Atarudi kwenye mazungumzo yake, na ruhusa unayo tayari.

Waliolala nje, watoto wa mtaani, walevi, anayeswali, anayelia: acha. Zanzibar, mwanamke aliyegeuza uso au kuvuta mtandio amekujibu. Akikuambia mtu ufute, futa mbele yake bila mjadala.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwa maonyesho na kumbukumbu zako heshima ya kawaida hukufikisha mbali, lakini uso wa mtu kwenye tangazo la biashara unataka ridhaa ya maandishi, yenye jina, tarehe na matumizi. Usielekeze kamera kwenye vituo vya polisi, kambi, bandari au majengo ya serikali. Kivukoni taa za kivuko zinavutia sana jioni, ila Ikulu ya Magogoni iko jirani; mtu mwenye busara hugeuza lenzi upande wa wauza samaki, tena baada ya kuuliza mlinzi.

Mkanda wa kamera upite kifuani kwa mshazari, usining'inie bega moja, na upande wa kamera uwe wa ukutani, mbali na barabara zinakopita pikipiki. Nendeni wawili: mmoja anapiga, mwingine anatazama. Kabla ya kuweka kituo kwenye kona, jitambulishe kwa vijana wa kijiwe au bodaboda waliopo. Wakikujua, wao ndio ulinzi wako.

Kwenye kompyuta

Usihariri usiku huohuo chumbani gizani. Kioo kitaonekana kina mwanga kuliko ukweli, utaitia picha giza kupita kiasi, na asubuhi hutaona kitu. Hariri mchana, mwanga wa kioo ukiwa nusu. Lightroom, darktable ya bure, au Snapseed kwenye simu, zote zinafaa.

Anza kwa kushusha sehemu angavu mpaka maandishi ya bango yasomeke. Halafu vivuli: kishawishi ni kuvipandisha, na ndicho kinachoharibu picha nyingi za usiku kuliko kosa lolote la kamera. Pandisha kwa kiasi cha kuona mtu amesimama wapi, si kuona ukuta una rangi gani. Weusi ushushe kidogo ili picha isikae kama imefunikwa na vumbi. Kupunguza chenga kuishie kati ya 20 na 35 kwenye Lightroom. Zaidi ya hapo ngozi inakuwa plastiki. Rangi ya buluu na chungwa ya kupakwa kwa nguvu imeshachosha macho ya watu, na mwenye kipimo kimoja cha 3800 K haihitaji.

Ukienda kuchapisha, mwambie fundi wa studio azime marekebisho ya moja kwa moja ya mashine. Mashine ikiona picha nyeusi hudhani umekosea, inaiangaza, na giza lote linarudi kijivu. Toa kwanza moja ndogo ya 4×6 kama jaribio, iangalie chini ya taa ya kawaida, na kwa kuwa karatasi haina mwanga wake kama kioo, ongeza theluthi ya hatua kabla ya kutoa kubwa. Ile ndogo mpelekee muuza chipsi. Ataibandika kwenye kabati, na safari ijayo hutahitaji kujitambulisha.